Gravel Heart: mtaa mzima unajua, mtoto ndo hajui

Riwaya za siri za familia ziko nyingi na karibu zote zinapita njia moja, kijana anakua vizuri tu, siku moja anakuta karatasi kwenye sanduku la marehemu bibi au mtu anaropoka msibani, kumbe baba si baba, kumbe yule shangazi ndo mama mzazi, na kuanzia hapo kitabu kizima ni kukimbizana na swali la damu. Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, iliyotoka 2017, inaikataa njia hiyo tangu mwanzo. Baba wa Salim ni baba yake kabisa, hakuna anayebisha, na mji mzima unajua anapoishi. Na bado kijana anakua hajui yeye ni nani. Hapo ndo nataka tukae, manake naamini Gurnah kagusa kitu ambacho wengi tunaishi nacho na hatukisemi, kwamba siri ya familia mara nyingi watu wazima wote wanaijua, jirani anaijua, muuza duka anaijua, na anayefichwa ni mtoto wa nyumba ile peke yake.

Nitaieleza siri yenyewe humu, kwa hiyo anayetaka kuikuta mwenyewe kitabuni aishie hapa. Ila kwa maoni yangu kitabu hiki hakiharibiki ukishajua, kwa sababu msomaji makini ataanza kuhisi kilichotokea mapema sana, na Gurnah hajali, hajengi mtego wa kukushtua ukurasa wa mwisho. Anachotaka uone ni gharama ya kukaa kimya miaka yote ile.

Tuko Zanzibar, miaka ya baada ya Mapinduzi ya 1964. Salim ana miaka saba baba yake, Masud, anapohama nyumbani. Haendi mbali, anakwenda kupanga chumba nyuma ya duka la mtu mjini humohumo. Hakuna talaka ya kelele, hakuna kikao, hakuna mtu anayemkalisha mtoto chini akamwambia mwanangu sikiliza. Kinachofuata ni kikapu. Mama yake, Saida, anapika chakula kila siku anakiweka kwenye kikapu na kumpelekea mume aliyemkimbia, na baada ya muda anayebeba ni Salim. Anafika pale dukani, anaingia kule nyuma, anampa baba kikapu cha leo, anachukua vyombo vitupu vya jana, baba anashukuru, mtoto anageuka anarudi. Kesho hivyohivyo. Miaka inapita hivyo.

Nimesoma riwaya nyingi za Kiswahili na za Kiingereza zinazohusu kwetu na sidhani nimewahi kukutana na kitu kidogo kama kikapu kile kikibeba mambo makubwa kiasi kile. Ukifikiria sana, chakula ndo lugha ya ndoa yetu, mke akiacha kukupikia umejua yameisha, mume akiacha kula nyumbani mke amejua. Sasa hapa mke anaendelea kupika na mume anaendelea kula lakini hawaonani, na anayepita katikati yao ni mtoto ambaye hajui anachobeba ni nini, msamaha au kuomba radhi au deni. Mtoto wa miaka tisa, kumi, kumi na moja anafanywa mtume wa ujumbe ambao hajaambiwa maana yake. Na mtaa unamwona akipita, yule mwenye duka anamwona, wote wanajua kwa nini yule mtoto anabeba chakula na wote wanamsalimia vizuri kabisa.

Sisi tuna msemo wa funika kombe mwanaharamu apite. Tunautumia kama busara, na mara nyingi kweli ni busara, kuna mambo ukiyasema yanabomoa tu. Lakini kombe likifunikwa miaka ishirini, mwanaharamu alishapita zamani, na anayebaki kukaa karibu na lile kombe analinusa kila siku ni mtoto. Salim anaona mama yake amebadilika. Anajua kuna mwanaume mwingine, hilo halifichiki, na baadaye anazaliwa mdogo wake, Munira, ambaye wazi kabisa si wa Masud. Kwa hiyo ule ukweli ambao riwaya nyingi zingeufanya ndo siri kuu, kwamba mama ana mtu, Salim anao tangu yuko mdogo. Asichokuwa nacho ni kwa nini. Anajua kilichotokea bila kujua sababu yake, na mtu akiwa na tukio bila sababu yake lazima atajitungia sababu mwenyewe, na sababu ambayo mtoto hujitungia karibu siku zote inamhusu yeye. Ndo maana sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu ni Salim akisema baba yake hakumtaka. Si kweli, na tutakuja kujua si kweli, lakini kwa mtoto aliyenyimwa maelezo ndilo jibu pekee lililokaa sawa.

Hapa niweke jambo moja la siku hizi. Sasa hivi Tanzania mtu akisema anatafuta asili yake watu wanawaza DNA haraka sana, sheria ya vinasaba ipo tangu 2009, vipimo vinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yakitoka watu wanaona mjadala umefungwa. Mpeleke Salim kule. Atapewa karatasi inayosema Masud ni baba yake mzazi, atarudi nayo nyumbani na hatakuwa amejua hata kitu kimoja cha maana. Alichokikosa ni stori, na stori iko midomoni mwa watu watatu ambao kila mmoja ana sababu yake ya kufunga mdomo.

Sasa siri yenyewe. Saida ana mdogo wake wa kiume, Amir, kijana mtanashati, mwenye maneno, wanaishi naye nyumbani. Amir anaingia kwenye mahusiano na binti anaitwa Asha, na bahati mbaya Asha ni mtoto wa familia kubwa serikalini, baba alikuwa makamu wa rais na kaka yake, Hakim, ni mkubwa mwenye nguvu. Amir anakamatwa. Hajulikani yuko wapi wala atatoka lini wala kama atatoka. Saida anahangaika huku na huku mpaka anafika mbele ya Hakim kumwombea mdogo wake, na Hakim anampa bei. Bei ni yeye mwenyewe, mwili wake, na si kwa siku moja. Saida anakubali. Amir anatoka. Masud anashindwa kuishi ndani ya nyumba ile na anahamia nyuma ya duka, na kikapu kinaanza.

Ukisoma haraka utasema hii ni stori ya mwanaume mbaya na mwanamke mwenye bahati mbaya. Mimi naona Gurnah anasema jambo zito zaidi kuhusu mahali na wakati. Baba yao Saida na Amir aliuawa baada ya Mapinduzi kwa sababu alikuwa upande ulioshindwa, na nyumba yao ikachukuliwa. Baba yake Masud, Maalim Yahya, mwalimu wa dini, alikwenda kutafuta maisha Arabuni na familia ikamfuata, Masud akabaki. Angalia vizuri hapo. Kwa desturi zetu likitokea jambo kama hili mtu hakimbilii polisi, anakwenda kwa wazee, anakwenda kwa ami, kwa mjomba mkubwa, shekhe anaitwa, watu wanakaa wanazungumza, hata kama hawawezi kumshinda mkubwa wanaweza angalau kubeba aibu pamoja. Hawa wawili hawana mtu. Wazee wameuawa au wamehama. Mapinduzi hayakuchukua nyumba na mashamba tu, yalichukua pia watu ambao wangekaa kwenye kile kikao, na mwandishi haandiki hotuba yoyote ya kisiasa kuhusu hilo, anakuonyesha tu mke na mume vijana, peke yao chumbani, na shida ambayo ukoo mzima ungetaabika nayo.

Na asije mtu akasema mwandishi kazidisha chumvi. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa Baraza la Mapinduzi pale Zanzibar, habari ilitoka ikaandikwa na magazeti ya nje, si jambo la kuhadithiwa vibarazani tu. Katika miaka hiyohiyo zikaja mahakama za wananchi ambazo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba Saida angekwenda kushitaki, nauliza angeshitaki wapi? Nani angemsikiliza?

Wanaosoma fasihi ya Kiingereza watakuwa wameshaitambua hii sura. Ni Measure for Measure ya Shakespeare, tamthilia ya miaka ya mwanzo ya 1600, na jina la riwaya, yaani moyo wa changarawe, limetoka humohumo. Kwetu Shakespeare wengi tulimjua kupitia Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari ya 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969, hii nyingine haijulikani sana mitaani, kwa hiyo nieleze kwa kifupi. Kijana Claudio anahukumiwa kifo kwa kumpa mimba mchumba wake, dada yake Isabella ambaye anajiandaa kuwa mtawa anakwenda kumwombea kwa Angelo, kaimu mtawala, na Angelo anamwambia lala na mimi nimwachie. Isabella anakataa. Halafu mtawala mwenyewe, ambaye alikuwa mjini kwa kujificha muda wote, anapanga hila, mwanamke mwingine anawekwa kitandani badala ya Isabella, Angelo anaumbuka, kila kitu kinawekwa sawa.

Gurnah kachukua ile bei na kaondoa yule mtawala aliyejificha. Hilo peke yake lingetosha kuwa uchambuzi mzima. Zanzibar yake haina mkubwa mwema anayetembea kwa kujificha akiangalia dhulma ili aje kuitengeneza mwishoni. Aliye juu ya Hakim ni baba yake Hakim. Lakini kuna badiliko la pili ambalo naona watu wanalipita na mimi ndo limenikamata zaidi. Isabella wa Shakespeare hana mume na hana mtoto, anaamua kwa ajili ya roho yake na kaka yake basi. Saida ana mume na ana mtoto wa kiume nyumbani. Na Gurnah kampa kalamu yule mtoto. Yaani riwaya nzima inasimuliwa na mtu ambaye kwenye tamthilia hayupo kabisa, hakuna aliyemfikiria, mtoto ambaye angekuwepo nyumbani siku ile mama anarudi kutoka kwa Angelo. Huo kwangu ndo ubunifu wa hali ya juu, kuuliza ile stori kubwa ya wakubwa inamwachia nini dogo aliyekuwa anacheza uani.

Tuje kwa Masud, manake huyu ndo watu wanamgombania. Wengi wakimaliza kitabu wanasema baba yule ni dhaifu, alimwacha mke wake kwenye moto akaenda kujilaza nyuma ya duka, mwanaume gani yule. Naelewa hasira hiyo lakini siikubali. Kwanza angepigana na nani na kwa silaha gani. Pili, na hili ndo la msingi, kile anachokifanya Masud ndo kitu pekee kilichobaki chini ya uwezo wake. Hawezi kumzuia Hakim, hawezi kumlaumu mke wake kwa sababu anajua kwa nini kafanya vile, hawezi kumpiga Amir, hawezi kuhama nchi akamwacha Saida. Anakataa tu kuendelea kuigiza kwamba nyumba ile bado ni nyumba. Anajitoa. Nakubali ni kujitoa kunakomuumiza mtoto vibaya sana, na hapo ndipo lawama yangu kwake ilipo, si kwamba hakupigana, ni kwamba kila siku mtoto alisimama mbele yake na kikapu mkononi na hakuwahi kumwambia hata nusu ya neno. Siku zote zile. Angeweza kusema tu haya mambo hayakuhusu wewe mwanangu, hujakosea kitu. Sentensi moja. Mtoto angepumua.

Lakini wa kumchambua zaidi ni mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Amir baada ya kutoka anakwea, anaingia kwenye mambo ya ubalozi, na anamwoa Asha, ndiyo, Asha yuleyule, dada yake Hakim. Wanaishi London vizuri sana. Na anapofika umri Salim, mjomba anamchukua kwenda kusoma Uingereza. Mji mzima unaona neema, kijana kapata bahati, mjomba kamkumbuka mtoto wa dada yake. Kwetu mjomba ana nafasi yake, mtoto anaweza kumwambia mjomba mambo ambayo hawezi kumwambia baba, na Gurnah anaijua nafasi hiyo vizuri ndo maana anaichafua kwa makusudi. Salim analala, anakula na kuvaa ndani ya nyumba iliyopatikana kwa mwili wa mama yake, na hajui. Mjomba na mke wake wanajua. Wanamwangalia kila asubuhi akinywa chai mezani na wanajua. Wanataka asome biashara, wanamkumbusha kila mara jinsi wanavyomsaidia, na anaposhindwa masomo hasira inayomshukia ni kubwa kuliko kosa lenyewe. Mara ya kwanza nilidhani ni wale ndugu wa ulaya wenye kusimanga tu. Ukirudia kusoma ukiwa unajua siri, zile sura za London zinatisha. Deni walilokuwa nalo kwa Saida hawawezi kulisema, kwa hiyo wanaligeuza, wanamfanya mtoto wake ndo mdaiwa. Mpaka wanamtoa nyumbani.

Hili la kugeuza deni nimeliona kwenye familia za watu halisi mara nyingi na sijawahi kuliona limeandikwa vizuri hivi. Aliyefaidika na jambo la aibu ndo anakuwa mkali zaidi kwa mtoto wa aliyeumia, kwa sababu yule mtoto ni risiti inayotembea.

Sehemu za baada ya hapo, Salim akiwa peke yake Uingereza, akiishi nyumba moja na Waafrika wengine, akifanya kazi za kuungaunga, akihama, akiingia kusoma fasihi kinyume na mpango wa mjomba, nakiri kwangu zinakwenda polepole. Yale mapenzi yake na Billie, binti ambaye familia yake haimtaki Salim, yanachukua kurasa nyingi kuliko kile yanachotoa, nilikuwa nasoma huku nataka turudi Zanzibar. Ila kuna kitu kimoja pale katikati kinachobeba yote. Salim anamwandikia mama yake barua. Zile zinazotumwa ni za heshima, salamu, hali ya hewa, masomo, afya. Na kuna nyingine anaziandika kwenye daftari na hazitumi kabisa. Humo ndo anauliza, ndo analalamika, ndo anasema ukweli wake.

Ukiweka lile daftari karibu na kile kikapu unaona kijana amerithi. Mama alikuwa anatuma chakula bila maneno, mtoto anaandika maneno bila kuyatuma. Hakuna aliyemfundisha kwa mdomo, kayaona. Na hapa naona jibu la Gurnah kwa swali la utambulisho, ambalo watu wanapenda kulijibu kwa kabila, dini, rangi ya ngozi na pasipoti. Salim ana hayo yote na anaweza kuyataja. Akifika London ni Mwafrika, ni Mwislamu, ni Mzanzibari, wenzake wa ile nyumba wanampa majina yote hayo na hakuna linalomtuliza. Kilichomtengeneza zaidi ni namna nyumba yao ilivyokuwa inanyamaza. Anawapenda watu kwa kunyamaza, anaachwa kwa kunyamaza, anamkosa mama yake kwa kunyamaza. Mama anafariki barua za daftarini hazijatumwa.

Nije kwenye lawama yangu kubwa kwa kitabu, na naitoa kwa heshima zote kwa mtu aliyepewa Nobel ya fasihi 2021 na aliyestahili. Salim anarudi Zanzibar baada ya kifo cha mama. Baba yake pia karudi, alikuwa Kuala Lumpur, Malaysia, ambako Maalim Yahya, aliyehamia huko kutoka Arabuni, alimpeleka baadaye, na sasa mama hayupo baba anafungua mdomo. Usiku baba na mwana wanakaa na Masud anasimulia yote, kuanzia ujana wao, jinsi alivyompenda Saida, kukamatwa kwa Amir, safari za Saida kwa Hakim, mpaka kuhama. Ni sura nzuri sana kuandikwa, pole, bila kulia hovyo, unamsikia mtu mzima wa pwani akiongea. Lakini angalia nani anasimulia. Mwanaume anamsimulia mwanaume mwenzake kilichompata mwanamke ambaye yuko kaburini. Saida ndiye aliyeingia kwenye ile ofisi. Saida ndiye aliyerudi nyumbani akapika. Yeye ndiye aliyeamua, akalea watoto wa wanaume wawili kwenye mji uliokuwa unamwangalia, na kitabu kizima hatuisikii siri hii kwa mdomo wake. Tunajua alivyohisi Masud, tunajua alivyohisi Salim, na yeye tunamkisia.

Mtu anaweza kujibu kwamba ndo ukweli wa mambo, wanawake wa aina yake walikufa nayo moyoni, na mwandishi kaonyesha ilivyo. Najua jibu hilo na lina uzito. Lakini riwaya si ripoti, mwandishi aliyeweza kumpa sauti mtoto ambaye Shakespeare hakumwona angeweza kuipata njia, hata barua moja, hata usiku mmoja wa Saida na mwanawe kabla hajapanda ndege. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata imevunjika bila kuulizwa. Siri imefichuliwa, sawa, ila imefichuliwa kwa namna ileile iliyoitunza, wanaume wakizungumza juu ya Saida.

Pamoja na hayo ile sura ya usiku inafanya kitu ambacho naona ni sahihi kuhusu kuambiwa ukweli ukubwani. Salim haruki kwa furaha wala hamkumbatii baba machozi yakimtoka, kama tamthilia za televisheni zinavyotuzoesha. Anasikiliza. Anauliza vitu vidogo, nani alikuwepo, alisema nini. Anapata sababu aliyoitafuta tangu ana miaka saba, na sababu ile haimrudishii kikapu hata kimoja. Ila kuna kitu kinahama. Ile sentensi ya kwanza, kwamba baba hakumtaka, aliyoibeba Zanzibar hadi London na kurudi nayo, haiwezi tena kusimama, na unamwona mtu mzima akijaribu kuishi bila uongo aliouegemea maisha yake yote, jambo ambalo si jepesi, manake hata uongo unaoumiza ukishauzoea unakuwa kama mkongojo. Gurnah hamharakishi. Na ni Salim anayemweleza baba yake ile stori ya Shakespeare, yaani kijana aliyefukuzwa kwa kukataa biashara akasoma fasihi, fasihi hiyohiyo ndo inampa namna ya kumwambia baba kwamba jambo lililokupata lilishawahi kuwapata wengine na hukuwa mjinga.

Kwa wasomaji wa nyumbani naona kitabu hiki kina haki ya kusomwa zaidi ya kinavyosomwa. Paradise, riwaya yake nyingine ya 1994, ilikuja kusomeka kwa Kiswahili kama Peponi mwaka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, miaka 28 baadaye, na waliokisoma wanajua jinsi watu wale walivyokuwa kama wamerudi kwao. Masud na Saida nao waliongea Kiswahili kwenye kile chumba, kila neno walilonyimana walinyimana kwa Kiswahili.

Mtu ninayemwaza zaidi kila nikikitaja kitabu hiki ni Munira. Salim kapata baba aliyekaa naye usiku akamweleza. Munira ni mtoto wa ile bei yenyewe, kabaki Zanzibar, kakulia mbele ya macho ya watu wanaojua kila kitu, baba yake ni Hakim na mama yake kafariki. Kitabu kinampitia kwa upole, ni dada mwema, anampokea kaka yake vizuri, halafu kinamwacha. Swali lake ni gumu kuliko la Salim, kwa sababu Salim ameambiwa kwamba alitakiwa. Yeye nani atamkalisha chini, Masud? Hakim? Amir akija likizo? Riwaya ya Munira haijaandikwa na mimi ningeinunua siku inatoka.